Pindo la Siku ya Kukimbia

Kijiko kiligonga ukingo wa kopo, kikanyamaza, kikagonga tena. Zuleica alikuwa macho tangu zamani, kiganja chake kikiwa juu ya tumbo la mwanawe, na gizani humo hakuwa na haja ya kuuliza ni nini. Mama mkwe wake, Bi Cadija, alikuwa amechuchumaa uani, alfajiri haijaadhiniwa, akiwakorogea kuku dawa.

"Mama, hizo umezitoa wapi?" aliuliza kupitia upenyo wa mlango, kwa sauti ya chini.

"Kwenye pindo langu. Zimepitwa na mwaka. Binadamu huwezi kumpa, lakini kuku hajui kusoma tarehe."

Zuleica alitaka kucheka. Chini ya kiganja chake tumbo la Umi lilikuwa la moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi.

Hii ilikuwa mara ya nne. Umi, mwenye miaka mitano, alianza kuumwa mkojo kabla ya mfungo wa Ramadhani. Alipewa dawa kituo cha afya, akapata nafuu, maradhi yakarudi. Akapewa nyingine, akapata nafuu, yakarudi. Mara ya tatu nafuu yenyewe ilikuwa ya siku mbili tu, kama mgeni aliyepita kusalimia. Baba yake, Latifo, alikuwa kambini kisiwa cha Rongui akikausha samaki, na kila alipopata mtandao alipiga simu kuuliza jambo moja tu: amekojoa vizuri leo?

"Mama, mkojo," Umi alisema, macho yamefumba.

Zuleica alimbeba hadi nyuma ya nyumba. Mtoto alichuchumaa, akaushika mkono wa mama yake kwa mikono yake yote miwili, akauma mdomo. Alikuwa amejifunza kutolia kwa sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Zuleica kuliko kilio. Yakatoka matone. Basi.

Bi Cadija alikuja na tochi ya simu, kijiko bado kiko mkononi. "Mpe kidonge kimoja. Nimebakiza viwili vizuri."

"Mana Suzete, yule dada wa kituoni, kasema tusimpe kitu mpaka karatasi ya vipimo irudi kutoka mjini."

"Karatasi!" Bi Cadija alilitema neno lile kama kokwa. "Na kule porini ulimpa karatasi?"

Zuleica akamwinua mtoto, akamrudisha ndani. 

Mwaka wa kukimbia vita, Umi alikuwa mtoto wa miezi saba. Walitoka kijijini na nguo walizovaa, wakafuata vijia vya porini kuelekea Nhica do Rovuma, mchana wakijilaza vichakani, jioni wakitembea. Siku ya tatu mtoto akachemka homa, akaacha kunyonya. Hapakuwa na kituo, hapakuwa na duka, hapakuwa na mtu wa kumwuliza. Ndipo Bi Cadija alipoketi chini, akalivuta pindo la kapulana yake, ile kanga ya kujifunga, akakata uzi kwa meno. Ndani mlikuwa na vidonge vinne alivyobakiza siku alipotibiwa kidonda cha mguu. Walivunja kimoja kwa jiwe, wakakiyeyusha katika kifuniko cha chupa, wakamdondoshea mtoto. Wakarudia na cha pili. Keshoye Umi alinyonya mpaka Zuleica akaumia ziwa, akalia kwa furaha ya maumivu yale.

Basi waliporudi, kila mwanamke wa mtaa ule alishona. Hakuna aliyeamrisha. Ukipewa dawa, unameza mpaka mwili ukae sawa. Zinazobaki unazishona kwenye pindo la kapulana moja ambayo huivai kila siku, unaikunja karibu na mlango pamoja na vitambulisho, unaivaa ukisikia wanajeshi wako njiani. Mfungo ukikaribia unafumua, unakagua, za zamani wanapewa kuku, mpya zinashonwa. Msichana akiolewa, mama yake humfundisha namna ya kuzungushia kitambaa ili ile karatasi ya vidonge isikwaruze akitembea. Waliita pindo la siku ya kukimbia. Mwanamke asiye nalo, watu walimwona kama mtu asiyewapenda wanawe.

Katika pindo la Zuleica mlikuwa na siku tatu za dozi ya kwanza ya Umi, siku tatu za dozi ya pili, na siku mbili za ya tatu. Umi mwenyewe alikuwa akimtazama anaposhona. "Hizi zako," Zuleica alikuwa akimwambia, "nakuwekea."

*

Asubuhi alimpeleka kituoni. Suzete, muuguzi, alikuwa binti wa kutoka kusini ambaye Kiswahili chake alifundishwa na wagonjwa. Alijua majina ya maradhi yote na matusi machache. Alipomwona Umi alimgusa shingo, akasahau kutania.

"Karatasi imekuja kwenye simu," alisema. "Wewe unasoma. Soma mwenyewe."

Zuleica alikuwa mwaka wa nne wa masomo ya jioni. Alijifunza chini ya taa ya sola, mtoto mapajani, na mwalimu wao, profesa Rachide, alikuwa akisema mikono yake inanuka samaki lakini mwandiko wake unanuka ofisi. Akaishika simu karibu na uso. Upande mmoja majina ya dawa, upande wa pili herufi moja moja. R. R. R. Alishuka nazo polepole kama mtu anayeshuka kisimani. Tatu kati ya majina yale aliyajua vizuri, maana aliyashona kwa mkono wake.

"R ndiyo nini, mana?"

"Resistente. Dawa hiyo, mdudu aliye kwenye mkojo wa Umi anaiona kama maji ya kunywa."

"Na hii S, huku chini?"

"Hiyo inamweza."

"Basi mpe hiyo."

Suzete aliivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la koti. "Ni sindano. Hapa haipo. Nimepiga simu wilayani, haipo. Iko mjini, na barabara ya kusini, unajua mwenyewe, haipitiki mpaka uje msafara wa wanajeshi. Wiki ya pili haujatangazwa."

"Tukiusubiri?"

"Mdudu huyu hatausubiri, dada. Akipanda kwenye figo, halafu kwenye damu..." Akainama kutafuta kitu kwenye droo ambacho hakikuwamo.

Nje mwanamke alikuwa akimbembeleza mtoto mwingine. Zuleica aliuliza swali ambalo aliogopa jibu lake. "Huyu mdudu katoka wapi?"

"Nani ajue? Maji, kuku, mtu mwingine, dawa iliyokatishwa njiani. Hakuna anayeweza kukuambia ni hapa au pale." Akamsogelea. "Lakini nisikilize. Leo inakuja brigada, timu ya ile sera mpya ya taifa, ya dawa zinazoshindwa, kwa watu na kwa mifugo. Wana gari na ulinzi wao, na baada ya mkutano wanarudi mjini leo leo. Kuna nafasi ya mgonjwa mmoja na mama yake. Nimeshaongea na mkubwa wao, chefe Abdulai, asubuhi hii kwa simu. Nimemtaja Umi."

Zuleica akamshika mkono. 

"Ngoja kwanza. Wanataka mgonjwa wa uchunguzi wao. Mtu aliyemeza dawa zake zote sawasawa na bado mdudu akamshinda. Wasiomaliza hawawachukui. Nimemwambia mtoto ni mtoto, akasema wasiomaliza wamejaa nchi nzima, gari ni moja." Suzete alitoa fomu, akaiweka juu ya goti lake. "Kuna kisanduku hapa. Lazima nikuulize. Umi alimaliza dozi zote tatu?"

Kalamu ikasubiri juu ya kisanduku. Umi alikuwa amelaza shavu kwenye paja la mama yake, pumzi yake ikiunguza kupitia nguo.

"Alimaliza," Zuleica alisema.

Ilitoka nyepesi, kama mtu aliyetaja jina lake. Suzete akaweka alama.

"Nilijua. Wewe ni mtu wa shule. Na jambo moja tena: hawajui Kiswahili, na profesa Rachide kakutaja wewe uwatafsirie. Umfurahishe yule chefe, tafadhali. Mpaka gari liwake."

*

Nyumbani alioga haraka, akamwosha mtoto kwa maji ya vuguvugu, akatia vitambulisho kwenye mfuko. Mkono wake ulipofika kwenye kapulana iliyokunjwa karibu na mlango, haukusita. Ile ilikuwa nguo ya safari, na hii ilikuwa safari. Akambeba Umi mgongoni kwa kapulana ile.

"Utakwenda na pindo mjini?" Bi Cadija alishangaa. "Kule kwenye mahospitali yote yale?"

"Njia ni njia, Mama. Tunajuaje tutalala wapi?"

"Hapo umesema." Mama mkwe akamkaza fundo kifuani, akalikagua pindo kwa vidole viwili kama mtu anayepapasa maharage mabichi. "Umemwambiaje yule binti wa kituoni?"

"Nimemwambia amemaliza."

  Bi Cadija akampangusa Umi jasho kwa ncha ya mtandio. "Mungu ataelewa," alisema. "Wewe panda tu hilo gari."

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule, chini ya turubai. Gari jeupe lilisimama pembeni, mlango mmoja wazi, na kila mara Zuleica alipoinua macho aliuona mlango ule. Chefe Abdulai alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kitambulisho shingoni na leso ya kufutia jasho. Alimpa Zuleica mkono, akamwinamia na Umi, akamwambia kwa Kireno kuwa ana macho mazuri. Hakuwa mtu mbaya. Zuleica angependa awe mbaya, ingekuwa rahisi zaidi.

Walitundika bango kubwa: mtu, ng'ombe, kuku, na mishale inayozunguka kati yao.

"Ng'ombe huyo wa nani?" akauliza mzee Pazi, mwuza nazi. "Hapa ng'ombe wa mwisho tulimwona kwenye kopo la maziwa."

Watu wakacheka. Chefe akaanza kusema, akasema sana. Zuleica alisikiliza, akageukia watu.

"Anasema serikali imekaa, imeandika mpango. Dawa za kuua vijidudu zinachoka."

"Kasema maneno gunia zima, wewe umetoa kibaba!" Pazi akadakia.

"Subiri, mzee, napakua." Akavuta pumzi. "Anasema kijidudu ukikipiga kipigo kisichokiua, kinajifunza. Kesho kinakuja kimeshajua fimbo yako. Na kile cha kuku kikijifunza, kinakifundisha cha mtu. Ndiyo maana mpango huu ni mmoja, wa watu na wa mifugo. Dawa isiuzwe bila karatasi ya daktari. Asipewe mnyama dawa ya mtu. Na ukianza dozi, umalize, hata ukijisikia mzima."

Alawi, ambaye alileta vidonge kutoka ng'ambo ya Rovuma na kuviuza kimoja kimoja kama pipi, alikuwa nyuma kabisa, akivisoma viatu vyake.

Bi Cadija akasimama, mkono kiunoni. "Muulize huyo baba: kuku wangu wakianza kusinzia na kuhara kijani, nifanye nini?"

Zuleica akauliza, akapewa jibu. "Anasema hicho ni kideri, Mama. Kideri hakisikii vidonge hata uwape ndoo nzima. Kinataka chanjo, kabla hawajaugua."

"Chanjo iko wapi?"

"Anasema imo kwenye mpango."

"Basi mwambie na kuku wangu nitawaingiza humo humo kwenye mpango, wakaisubiri."

Turubai zima likaangua kicheko. Hata wanajeshi wa ulinzi, ambao hawakuelewa neno, wakacheka kwa kuona wengine wanacheka. Mgongoni Umi hakucheka. Alikuwa amelegea, mzito, na kupitia nguo mbili joto lake lilikuwa linamwingia Zuleica mpaka mbavuni. Kidole kidogo kilikuwa kinatembea ukingoni mwa kapulana, kinabonyeza, kinaacha, kinabonyeza.

Chefe alitazama saa. Kisha akaweka kiganja chake begani kwa Zuleica, akasema jambo kwa upole mkubwa, akangoja atafsiri.

Zuleica akautazama mlango wa gari.

"Kasema nini?" watu wakauliza.

Alisema kwa sauti ambayo hakuijua. "Anasema... mama huyu ni mfano. Mtoto wake amemaliza dozi tatu, kidonge kwa kidonge, na bado anaumwa. Anasema mama kama huyu hana kosa. Kosa ni letu sisi wengine tunaokatisha dawa, ndio tunaomwumiza mtoto wake. Ndiyo maana wanampeleka mjini leo."

Wanawake walikuwa wamekaa mstari wa mbele, miguu imenyooshwa, kapulana za siku ya kukimbia zimewafunika mpaka vifundoni, maana wanajeshi walikuwapo. Aliwaangalia mmoja mmoja. Alima, jirani yake, aliyemwazima sindano ya kushonea dozi ya pili. Rosita, aliyemcheka kwa kuziba pindo kwa uzi mwekundu. Wote walijua.  Alima aliinamisha kichwa, akaanza kung'oa nyasi zilizokuwa hazina kosa. Walikuwa wanamfichia, na kule kufichiwa kulimchoma kuliko kama wangemzomea.

Akafikiri: nikisema sasa, nafasi inakwenda. Akafikiri tena: nisiposema, wataandika kwenye makaratasi yao makubwa kuwa dawa zilimalizwa, na pengine daktari wa mjini atafuata hesabu isiyokuwapo. Alijaribu kukumbuka somo lolote la jioni, la profesa Rachide au la mtu yeyote, linalofundisha mama achague vipi hapo. Dereva alikuwa amepanda garini, anageuza kioo. Mlango wa nyuma bado ulikuwa wazi. Hatua ishirini. Angeweza kuzihesabu.

"Swali la mwisho," chefe alisema, "halafu tuondoke kabla jua halijashuka." Akaliuliza.

Zuleica akalitafsiri, maana ndiyo kazi aliyopewa. "Anauliza, nani hapa ameweka nyumbani dawa iliyobaki."

Hakuna mkono ulioinuka. Ila mikono ilisogea yote, taratibu, mmoja hapa, mmoja pale, kila mwanamke akiishusha yake kwenye ukingo wa kapulana na kuuziba, kama upepo umevuma na nguo zinataka kupeperuka. Upepo haukuwapo.

"Ninyi ni kijiji kizuri," chefe alisema, akaanza kukunja bango.

Umi akainua kichwa kutoka mgongoni. Zuleica alilihisi shavu likibanduka, jasho likipoa pale lilipokuwa. Akajitikisa kidogo, ule mtikiso wa kumrudisha mtoto usingizini, akaimba chini kwa chini. Kidole kikaacha kubonyeza. Ngumi ndogo ikalikamata pindo lote.

Chefe aliona. "Binti anataka kusema?" aliuliza kwa Kireno, akitabasamu.

"Anataka maji tu," Zuleica alijibu, kwa Kireno chake safi cha masomo ya jioni.

Suzete alikuwa karibu na gari, fomu kwapani. Aliposikia maji aliiweka fomu juu ya boneti, akachota kikombe, akaja mbio. Akapiga goti nyuma ya Zuleica, uso wake usawa na uso wa mtoto. "Kunywa, kipenzi. Kunywa, halafu tunapanda gari. Huko mjini utapewa dawa nzuri."

Umi alikisukuma kikombe. Maji yakamwagika kwenye mgongo wa mama yake, ya baridi, yakashuka. Mtoto aliliinua pindo juu, mahali ambapo kila mtu angeweza kuliona, na kwa sauti ile ile ambayo siku zote Zuleica alimfundisha kuwajibu nayo watu wazima, ya wazi, isiyo na woga, akasema:

"Dawa zangu ziko humu, mama ameniwekea."